Shajara ya turbini yetu ya mkondo, hori ya Tudor: bamvua hadi bamvua

Jumamosi, siku ya 2 ya mwandamo

Tarehe humu naandika za mwezi wa kuandama manake kazi yote inafuata mwezi, ukiandama na ukifika kumi na nne kumi na tano ndio tunapata bamvua, maji ya Mombasa yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, alafu katikati siku ya nane tisa na ile ya ishirini na mbili tatu ni maji mafu, mkondo unalegea mpaka rota, ile sehemu ya mapanga inayozungushwa na maji, haigeuki kabisa. Kwa hivyo kila bamvua tuna siku nne tano za kupima, zikipita ni kungoja tena wiki mbili.

Kwa wanaoanza kusoma leo, sisi ni watu wanne. Mimi nashughulika na vipimo na umeme, kuna kijana wa kuchomelea, kuna binti anasomea uhandisi ambae mahesabu yote lazima yapite kwake, na kuna mjomba mwenye dau, amevua kwenye hori hii tangu kabla ya daraja la Nyali la sasa, yaani kabla ya 1980, enzi za lile daraja la kuelea. Turbini yenyewe inasimama wima, mapanga matatu ya mbao yaliyovalishwa faiba, upana wa rota mita 1 na urefu wa panga sentimita 80, kwa hivyo eneo linalokabili maji ni mita za mraba 0.8. Inaning'inia katikati ya chelezo tulichofunga kwa mapipa 8 ya plastiki yale ya bluu na mbao juu yake. Beringi ya juu ni ya kawaida ya duka, ya chini iliyo ndani ya maji tumechonga kutoka ubao wa plastiki wa kukatia nyama, hiyo haihitaji greisi, maji yenyewe ndio greisi yake.

Na lengo sio kuuzia mtu umeme. Ndani huko kwenye mikoko upande wa Mikindani kuna vijana wananenepesha kaa, walituambia wanataka taa za usiku na pampu ndogo ya hewa, wakapiga hesabu wati 30 mpaka 40 za mfululizo zitawatosha. Hiyo ndio namba niliyoibandika ukutani karakana.

Leo ndio mara ya kwanza tumepima rota na breki badala ya kuitazama tu ikizunguka. Breki yenyewe ni rahisi, juu ya shafti tumefunga puli ya upana wa sentimita 50, mkanda wa nailoni ule wa kufungia mizigo kwenye lori unaizunguka nusu, kila ncha ya mkanda imeshikwa na mizani ya kuning'iniza ile ya kupimia samaki. Ukikaza, mizani moja inavutwa sana na nyingine kidogo, tofauti yake ukizidisha kwa nusu upana wa puli unapata nguvu ya kuzungusha, ukizidisha hiyo kwa mwendo wa mzunguko unapata wati. Mfaransa mmoja de Prony alibuni breki ya aina hii 1821 na mpaka leo sijaona kitu cha bei yetu kinachoishinda. Kuna jambo moja tu tulilojifunza asubuhi ile ile, mkanda ukikauka unashika kwa kuruka ruka na sindano za mizani zinacheza huwezi kusoma, ukimwagia maji unatulia, kwa hivyo kijana wa kuchomelea akawa kazi yake ni kopo la maji tu, kila dakika anamwagia, hauachwi ukauke.

Mkondo wa kupwa ulikuwa mzuri kama saa mbili asubuhi. Mizani ya kwanza kilo 8.2, ya pili 2.1, mizunguko 27 kwa dakika tumeihesabu kwa alama ya rangi nyeupe kwenye puli na saa ya simu. Inatoka wati 42. Kipima mbio cha maji, kile cha propela ndogo tulichoazimwa, kikasoma mita 0.55 kwa sekunde.

Binti akapiga hesabu juu ya chelezo pale pale, akanyamaza, akapiga tena, akanionyesha simu: asilimia 62. Yaani ati rota yetu imeshika asilimia 62 ya nguvu yote iliyopita kwenye maji. Vijana walishangilia, mimi moyo ulianguka. Mjerumani Betz alionyesha zaidi ya miaka mia iliyopita kwamba rota iliyo wazi kwenye mkondo haiwezi kupita 16 kwa 27, yaani asilimia 59.3, kwa sababu ukiyanyang'anya maji nguvu yote yatasimama nyuma yako na yale yanayokuja yatapita pembeni. Turbini kubwa nzuri za wenzetu zinashika kama 40 na kitu. Kwa hivyo 62 sio ushindi, ni dalili kuna kipimo kimeharibika, na sitalala mpaka nijue ni kipi.

Kabla ya kuondoka nimefunga pia vibao vitatu chini ya chelezo, kimoja kitupu, kimoja kimepakwa rangi nyekundu ya kuzuia uchafu wa chini ya boti, kimoja mjomba amekipaka deheni yake ya chokaa na shahamu kama wanavyopaka madau. Tutaviangalia mwezi mwengine ukiandama.

Jumapili, siku ya 3

Tumeipata. Kipima mbio nilikifunga kwenye mbao ya nyuma ya chelezo kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, na nyuma ni nyuma ya rota, yaani nilikuwa napima maji yaliyokwisha kunyonywa. Ni mjomba alieona kwanza, yeye hakujua habari za Betz, alisema tu "mwanangu, hapa unapopima maji yamechoka, tazama povu linavyozubaa, kapime mbele huko yanakotoka". Tukachukua upondo wake, tukafunga kipima kwenye ncha, tukausukuma mbele ya chelezo mita 2, mara mbili ya upana wa rota, kina kile kile cha katikati ya mapanga. Ikaruka kutoka 0.55 mpaka 0.77.

Nguvu leo wati 41, karibu sawa na jana. Kwa mbio ya 0.77 inakuwa asilimia 22.

Alafu nikataka kujua tungepata nini kama tungetumia njia ya watu wengi, ya kuachia kitu kielee na kuhesabu sekunde. Tukatupa dafu mbele ya chelezo, mita 10, likafika kwa sekunde 11 na nusu, hiyo ni 0.87. Lakini dafu linakwenda na maji ya juu, na maji ya juu yana haraka kuliko ya chini, na juu yake upepo unalisukuma. Kwa mbio ya dafu rota ile ile, asubuhi ile ile, wati zile zile 41, inakuwa asilimia 15.

Sasa hebu tazama, rota moja, 62 ukipima nyuma, 22 ukipima mbele, 15 ukipima kwa dafu. Sababu ni kwamba nguvu ya mkondo inakwenda na mbio mara tatu ikijizidisha yenyewe, yaani mbio kwa mbio kwa mbio. Ukikosea mbio kwa asilimia 10 umekosea nguvu kwa asilimia 33. Mtu anaweza kuchonga mapanga mwaka mzima kutafuta asilimia tano za ziada na kumbe kosa la kipima mbio linazimeza zote. Tangu leo kabla ya kitu chengine chochote tunapima mbio, na hakuna namba inayoingia kwenye daftari bila kuandikwa kipima kilikuwa wapi na kina gani.

Jumatano, siku ya 6

Mvua. Nimefungua beringi ya chini, ina michirizi ya mchanga lakini bado nzima. Nimeizungusha shafti hewani bila maji nikapima msuguano, toka sasa tunaongeza hiyo kidogo kwenye hesabu ya rota.

Jumamosi, siku ya 9, maji mafu

Siku za maji mafu hazipotei bure. Maji yakilegea ndio wakati wa kufanya kinyume, rota iende kwa maji badala ya maji kuja kwa rota. Tulikwenda pale hori inapopanuka, tukangoja maji yasimame kama saa tano, tukaweka maboya mawili mita 50 moja na lenzake, chelezo tukakifunga ubavuni mwa dau, sio nyuma, manake nyuma kingepigwa na maji ya propela ya injini. Mjomba akashika usukani wa injini ya nguvu-farasi 15 na kuiweka mwendo mmoja bila kuugusa, kazi ngumu hiyo kuliko inavyosikika, mkono lazima utulie dakika nzima.

Kwenda sekunde 61, kurudi 65. Tofauti ndio ule mkondo mdogo uliobaki, ukienda na kurudi na kuchukua kati, yaani wastani, ya mbio mbili unaufuta. Angalia, ni kati ya mbio sio kati ya sekunde, binti alinisahihisha hapo na yuko sawa. Kati ni 0.795.

Mambo mawili yametoka leo na yote mawili yananihusu.

La kwanza, kipima mbio chenyewe kilisoma 0.76 wakati maboya yanasema 0.795. Kinasoma chini. Pengine propela yake imechakaa, pengine kuna unyuzi kwenye shafti, sijui nimekisafisha na bado. Basi tumeandika marekebisho, kila kinachosoma tunazidisha kwa 1.046. Inaonekana kitu kidogo lakini ikijizidisha mara tatu inakuwa karibu asilimia 14, kwa hivyo nimerudi kwenye daftari ya Jumapili nikaisahihisha ile 22 kwa kalamu nyekundu, sio 22 tena, ni 19. Iliniuma kuikata, lakini imekatwa.

La pili, rota ikivutwa inashika asilimia 27. Wati 55 kwa mbio ile. Tumerudia mara sita, tatu kwenda tatu kurudi, haitoki kati ya 26 na 28.

27 ikivutwa, 19 ikisimama kwenye mkondo. Rota ni ile ile.

Usiku huu nimekaa naifikiria hii. Ukivuta rota kwenye maji yaliyosimama, maji yanaipokea sawasawa, juu mpaka chini, kila panga linakutana na maji yale yale. Kwenye mkondo wa kweli maji yamepita kwenye nguzo za daraja, yamepita kwenye miamba, yanakuja na mafundo, sekunde hii yanasukuma sekunde ijayo yanalegea, panga likiwa limekaa vizuri kwa mbio moja ghafla mbio si hiyo na maji yanabanduka mgongoni mwake. Juu yake mkondo unasukuma rota nyuma na shafti inalala kidogo, nimepima kwa pembe ya fundi muashi, nyuzi 6. Wenzetu wakubwa wanalijua hili, ndio maana baada ya kupima kwenye matangi wanapeleka baharini, kule Orkney Uskoti kuna kituo kizima cha EMEC tangu 2003 kazi yake ni hiyo, watu wanaleta mashine zao zipigwe na maji ya kweli. Lakini kusoma jambo na kuliona kwenye mizani ya samaki ni vitu viwili, mimi leo ndio nimeliamini.

Na kuna hatari hapa naiandika ili nisijisahau. Namba ya kuvutwa ni nzuri, ni halali, tumeipima kwa uangalifu, na mtu akituuliza turbini yenu inashika ngapi mdomo utataka kusema 27. Vijana wa kaa hawatavutwa na dau. Wao watapata ya mkondo.

Jumamosi, siku ya 16, na Jumapili, siku ya 17

Naziandika pamoja manake ilikuwa kazi moja iliyoendelea. Tuliomba BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo, watujulishe vyombo vinavyopita, tukatia nanga nje ya njia ya madau, na tukapima tangu mapambazuko mpaka maji yakapwa kabisa saa tano, alafu tukapumzika tukala mahamri na mbaazi juu ya chelezo, alafu tukapima maji yakijaa mpaka alasiri.

Safari hii tulikuwa na utaratibu. Kila mbio tunakaza mkanda hatua kwa hatua, kila hatua dakika mbili, mtu mmoja anasoma mizani, mmoja mizunguko, mmoja mbio ya maji kila sekunde tano. Kwenye kila somo mbio tumeizidisha yenyewe mara tatu kwanza alafu ndio tukachukua kati, sio kinyume chake, kwa sababu maji yakicheza kati ya 0.6 na 1.0 kati yake ni 0.8 lakini nguvu iliyopita ni zaidi ya ile ya 0.8 tulivu kwa karibu asilimia 19. Ukichukua kati mapema unajipunjia maji na kujipendelea rota.

Kinachotokea ukikaza nitakieleza vile nilivyokiona, manake kinapendeza. Mkanda ukiwa mlegevu rota inakimbia, mapanga yanakwenda karibu mara tatu ya mbio ya maji, yanavuma, lakini mizani haina kitu. Unakaza, mizunguko inashuka, mizani inapanda, wati zinapanda. Mapanga yakifika kama mara 1.9 ya mbio ya maji ndio kilele. Unakaza kidogo tu zaidi, nusu mzunguko wa skrubu, na kwa sekunde tatu nne haibadiliki kitu, alafu rota inachoka, inakwenda kwa kujivuta, panga moja linapita, la pili linapita, la tatu linasimama mbele yako linatetemeka na maji yanalipita pande zote mbili kama jiwe. Kutoka hapo hata ukilegeza haianzi yenyewe kwenye maji ya polepole, lazima uisukume kwa mkono. Hii ndio tabia ya mapanga yaliyonyooka ya mtindo huu wa Darrieus, na kwa vijana wa kaa ni tatizo kubwa, nani ataisukuma saa nane usiku? Dawa yake tunaijua, kuweka vikombe viwili katikati ya shafti kwa mtindo wa Savonius, kijana wa kuchomelea keshapasua mtungi wa lita 20 kati kwa kati, tutajaribu.

Namba sasa. Kilele cha mkondo wa kupwa 0.85, wati 50. Kilele cha kujaa 0.64, wati 21. Tumeshika asilimia 20 kote kuwili, na kwa kuwa namba imekaa pale pale kwa mbio mbili tofauti sasa naiamini.

Niliuliza mbona kupwa kuna nguvu kuliko kujaa, mjomba akasema mikoko ndio inafanya, maji yakijaa yanatawanyika humo ndani polepole, yakitoka yote yanakimbilia mlango mmoja. Ndivyo wanavyoeleza na wataalamu wa mahori yenye mikoko. Tofauti ya 0.85 na 0.64 ukiitazama kwa macho ni ndogo, kwa wati ni zaidi ya mara mbili.

Jumapili mchana kitu kimoja kilitaka kutuharibia. Mizunguko ilianza kushuka na hatujakaza, kutoka 22 ikaja 19, ikaja 15, na mbio ya maji iko pale pale, binti akadhani kipima kimekwama, nami nikadhani beringi imekula mchanga. Tukanyanyua rota. Kipande cha wavu mkuukuu kama urefu wa mtu kimejizungusha kwenye mkono wa chini wa panga, zamu kwa zamu, kimekaza sawasawa kama mtu amekifunga kwa makusudi, na ndani yake samaki mdogo mmoja, bado hai. Mjomba akamtoa kwa vidole akamrudisha majini, alafu akaukata wavu kwa kisu. Tulipoteza saa nzima ya mkondo. Tunahitaji kichana cha kuzuia takataka mbele ya rota, lakini kichana chenyewe nacho kitapunguza mbio ya maji, kwa hivyo kikiwekwa lazima tupime upya, na sasa mnajua kupunguza mbio kunagharimu nini.

Rota tumeiacha ndani ya maji, imefungwa kwa kamba isizunguke. Nataka kujua wiki mbili za bahari zitaifanya nini.

Jumanne, siku ya 19

Hii ndio siku iliyokuwa ngumu kwangu kuliko zote.

Binti ameleta hesabu ya mwezi mzima. Kilele ni kilele, lakini mkondo hauko kileleni siku nzima, unapanda na kushuka kama wimbi, na wimbi likijizidisha mara tatu kati yake ni asilimia 42 tu ya kilele. Kwa hivyo wati 50 za kupwa ni kama 21 kwa wastani, na 21 za kujaa ni kama 9. Siku ya bamvua, mchana na usiku, wastani wati 15. Jenereta, chaja na betri zitachukua sehemu yake, tukiwa na bahati itabaki nusu. Na siku za maji mafu mbio inashuka kwa nusu na nguvu inakuwa moja ya nane, kusema kweli sifuri, manake rota haitaanza.

Ukutani imeandikwa 30 mpaka 40 mfululizo.

Kuna mtu ataniuliza mbona Uskoti wanaweza. Mradi wa MeyGen kule Pentland Firth una turbini nne za megawati moja na nusu kila moja. Maji yao yanakimbia mita kadhaa kwa sekunde. Mkondo wa 2.4 ni mara tatu tu ya 0.8 yetu, lakini nguvu yake kwa kila mita ya mraba ni mara 27. Bahari yetu ina haki yake ya kuwa tulivu, ndio maana bandari iko hapa, na hakuna panga nitakalochonga litakalobadilisha hilo.

Kwa hivyo nimekwenda Mikindani jioni na daftari. Nilijua ningeweza kuwaambia ile 27 ya kuvutwa, na ile 50 ya kilele, na zote ni kweli nilizipima mwenyewe. Nikawawekea ile ya wastani. Nikawaambia rota hii moja, bamvua, itawapa taa tatu za wati 5 usiku kucha. Maji mafu itawapa zile zilizobaki kwenye betri. Pampu ya hewa haiwezi.

Mkubwa wao akanyamaza kidogo akauliza, "dada, na tukiweka mbili?" Nikamwambia mbili ni taa sita, na zote zitalala siku moja. Akauliza taa tatu zitafika mpaka kwenye vizimba vya mwisho? Nikapima kwa hatua, zitafika. Akasema basi wanaanza na taa, manake kaa huibiwa usiku, sio kwa kukosa hewa. Pampu watatafuta sola. Nimerudi nyumbani nimechoka na nimefurahi, na ile namba ya ukutani nimeibandua.

Jumamosi, siku ya 23

Maji mafu. Nimepiga mbizi na miwani. Mapanga yana utelezi wa kijani, na kwenye ukingo wa mbele, pale pale panga linapopasulia maji, yameanza yale magamba madogo meupe makali, kama punje za mchele. Sijayagusa.

Vikombe vya mtungi tumevijaribu kwa kuvuta. Rota sasa inaanza yenyewe kwenye mbio ya 0.45, lakini kilele kimeshuka kutoka 27 mpaka 25. Nakubali bei hiyo.

Jumapili, siku ya 2, mwezi mpya

Bamvua imerudi. Tulipima kwanza rota ikiwa chafu kama ilivyo, vikombe tumevitoa ili tusichanganye mambo mawili. Mbio 0.82, na pale tulipozoea kushika asilimia 20 tumeshika 14. Wiki mbili tu! Panga likikwaruza maji kwa magamba linavuta nyuma kuliko linavyosukuma mbele, na rota ya mtindo huu inaishi kwa ulaini wa panga. Tukanyanyua, tukakwangua kwa kijiko na msasa, mikono imechanika yote, tukarudisha kabla mkondo haujalegea. Asilimia 20. Imerudi pale pale.

Vibao vimekaa mwezi mzima. Kile kitupu huoni mbao, magamba yamekaa bega kwa bega na chaza wadogo wawili wameshaanza nyumba. Cha deheni kina utelezi mzito na magamba machache, ukikiparuza kwa ukucha yanatoka pamoja na deheni yenyewe, nadhani ndivyo inavyofanya kazi, inamwaga ngozi. Cha rangi nyekundu kina utelezi mwembamba tu. Mjomba alikishika kibao chake akakigeuza geuza, akasema deheni hupakwa upya kila chombo kikipandishwa, haikuumbwa kukaa, na ni kweli. Tumekubaliana mapanga yapakwe rangi nyekundu, na chelezo na mbao zote za chini zipakwe deheni yake, ambayo tunaweza kuirudia wenyewe kila mwezi.

Tumemaliza kupaka, rangi imekauka kwa jua la mchana, vikombe vimerudi mahali pake. Rota imeshuka majini saa kumi na mbili jioni maji yakianza kupwa, kipima mbio kiko mita 2 mbele kwenye upondo wa mjomba, na kesho alfajiri tunaanza somo la kwanza.